Mama kwa Kiapo

Nimekula kiapo mara mbili mbele ya sheria ya Australia kuhusu mtoto mmoja. Mara ya kwanza niliapa kwamba nilimzaa. Mara ya pili niliapa kwamba sikumzaa. Kiapo cha uongo nilikitoa kwa moyo mweupe kabisa, na cha kweli nilikitoa nikitetemeka hadi karani akaniuliza kama nahitaji maji.

Mtoto mwenyewe si mtoto tena. Ni mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mabega mapana, na ndevu anazozitunza kuliko anavyotunza viatu vyake. Lakini nikisema "mtoto", nyumbani kwetu Merrylands kila mtu anajua namsema nani. Binti zangu wawili, waliozaliwa hapahapa Sydney, wamelalamika miaka yote kwamba wao wana majina tu. Wana haki ya kulalamika.

Alifungwa kwa kosa lake, na sitaki kulipaka sukari. Alimpiga mtu kwa chupa kwenye maegesho ya magari huko Blacktown, katika ugomvi ambao hata mbele ya hakimu hakuna aliyeweza kueleza vizuri ulianzaje. Yule mtu alipoteza jicho. Siku ya hukumu mama yake alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma, na tulipokutana chooni tukinawa mikono nilimwambia samahani kwa yote. Alikausha mikono yake akatoka, na sikumlaumu.

Mwanangu alitumikia kifungo chake, akatoka, akakaa nyumbani mwaka na ushei. Alipata kazi kwenye duka la matairi, akapata na mchumba, msichana wa Kikenya anayesomea uuguzi. Tukadhani yamekwisha. Kisha asubuhi moja watu wa uhamiaji wakaja wakamchukua akiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni. Viza yake ilikuwa imefutwa kwa sababu ya kile kifungo, na mtu asiye na viza hapa anashikiliwa mpaka arudishwe kwao.

Mtauliza kwa nini hakuwa raia. Sisi wengine tulishaapishwa uraia miaka mingi nyuma. Yeye wakati huo alikuwa na kesi ndogo ya utoto, kesi ya kuendesha gari la rafiki bila leseni, akaambiwa asubiri iishe. Ikaisha, nasi tukasahau kurudi. Nasema tukasahau, lakini kazi ya makaratasi nyumbani kwetu ni yangu mimi.

Tukapata wakili. Alikuwa binti mwembamba, mtoto wa wakimbizi wa Kivietnamu, na ofisi yake ilikuwa Parramatta juu ya duka la miwani. Nilimpenda kwa sababu hakuongea nami polepole kama watu wanavyoongea na wageni. Alinieleza kwamba kifungo kimekwisha, kwa hiyo mwanangu hashikiliwi tena kwa kosa. Anashikiliwa ili aondolewe nchini tu. Sheria inasema kama hakuna nchi itakayompokea siku za karibuni, serikali haina haki ya kuendelea kumfungia. Kuna ombi la zamani, lenye jina la Kilatini nisiloweza kulitamka mpaka leo, ambalo mtu anapeleka katika mahakama ya shirikisho akiitaka serikali ieleze kwa nini inaushikilia mwili wake. Tungepeleka hilo.

Akaniomba niandike maelezo ya kiapo kama mama. Alitaka mambo mafupi: tulikuja lini, ameishi na nani, ana uhusiano gani na nchi hii. Mimi nikaona wakili huyu ni mtoto, hajui mahakama inataka nini. Kwetu, kesi ikienda kwa wakubwa, mama husimama, anataja uchungu aliouona, na watu wazima wanainamisha vichwa. Hakuna mzee atakayemtenganisha mtoto na mwanamke aliyekwisha kuutaja uchungu wake mbele za watu. Basi nikaandika uchungu. Niliandika kwamba nilimzaa mwenyewe kwenye hema la kambi upande wa Kigoma, mvua ikinyesha, baada ya kukimbia kutoka Fizi, upande wa Kongo. Kwamba baba yake ni mume wangu, mtu wa Fizi vilevile. Kwamba mama mzaa chema ni mimi na hana mwingine duniani. Nililia nikiandika. Yule binti alisoma, akasema ni maelezo mazuri sana, akauliza kama yote ni kweli, nikasema yote.

Uchungu ule ulikuwa wa kweli, mvua ilikuwa ya kweli, na hema lilivuja kweli. Ila mtoto aliyezaliwa siku ile siye huyu.

Yule niliyemzaa aliishi majuma machache, akafa kwa homa. Kwenye hema la jirani kulikuwa na mwanamke aliyefika kambini peke yake akiwa mjamzito. Alisema Kiswahili cha kuungaunga, wengine wakamdhani Mrundi, wengine wakasema ametoka mbali zaidi, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alijifungua mtoto wa kiume juma lilelile tulilomzika wetu, na yeye hakuamka tena. Kifua changu kilikuwa kimejaa maziwa yanayouma. Wanawake wakaniletea yule mtoto, mmoja wao akamweka kifuani pangu bila hata kuniuliza, naye akanyonya. Kwetu hapo hapana mjadala tena, mtoto wa ziwa lako ni wako. Na jina la marehemu wetu lilikuwa bado kwenye kadi ya posho, maana hakuna mtu kambini aliyekwenda kutangaza msiba ili apunguziwe unga. Mtoto akaingia katika jina lile kama mdogo anavyovishwa shati la kaka yake.

Tulipoitwa kwenye mahojiano ya kuja Australia, yule bwana aliuliza, huyu ni mtoto wako? Nikajibu ndiyo. Sikuhisi hata chembe ya uongo ikipita mdomoni. Tuliobaki tukijua ni mimi na mume wangu. Nilikusudia kumwambia mtoto atakapokua, akakua, na mimi nikawa kila mwaka naona bado hajakua vya kutosha.

Siku ya uamuzi wa kwanza tulipanda treni mpaka mjini, tukakaa ghorofa ya juu ambako madirisha yanaonyesha miti ya bustani na watu wadogowadogo wakila chakula cha mchana. Mwanangu alionekana kwenye skrini ukutani. Jaji alikuwa mpole, na upole wake ulinidanganya. Akasema kwamba kinachobishaniwa ni kama kuna nchi itakayompokea huyu kijana. Akasema ushahidi ulio bora kabisa juu ya jambo hilo umetoka kwa mama yake mwenyewe. Kisha akasoma maneno yangu. Akasoma hema, akasoma Fizi, akasoma mume wangu. Wazazi wawili, wote Wakongo, wote wanajulikana walikotoka, mmoja ameapa kumzaa. Serikali ya Kongo haitashindwa kumtambua raia wake kwa ushahidi kama huo, kwa hiyo kuna matumaini ya kweli ya kumwondoa nchini, kwa hiyo kushikiliwa kwake ni halali. Ombi limekataliwa.

Mume wangu hakunitazama. Mwanangu kwenye skrini alininyooshea kidole gumba kunipa moyo, kabla picha haijakatwa. Nilikaa pale nikiwa nimekodoa macho kwenye skrini nyeusi mpaka karani akaja kutuambia chumba kinahitajika.

Nilidhani nimemfungua kwa machozi yangu, kumbe nimempigia msumari. Ningenyamaza tu, ningeandika yale mafupi aliyoyataka wakili, pengine angetoka siku ile.

Wakili akakata rufaa. Februari, joto kali, akaniita ofisini. Alikuwa na tabia ya kutafuna kalamu, na siku hiyo aliitafuna sana. Akasema majaji watatu watasikiliza rufaa, na kwa kawaida hawapokei ushahidi mpya, ila ukiwa ni wa uzito wanaweza kuruhusu. Akasema ubalozi wa Kongo unasitasita kidogo. Akasema kila kitu kinaning'inia kwenye kuzaliwa kwake. Halafu akaiweka kalamu mezani akaniuliza, kwa heshima kubwa, kama kuna jambo lolote kuhusu kuzaliwa kwa mwanangu ambalo yeye halijui.

Nilijua hapo hapo kwamba mlango umefunguliwa mbele yangu. Neno moja lingetosha. Nikajitia hamnazo, nikasema, "No, darling. I told you everything."

Njiani kurudi nilijipa sababu. Nilijiambia tutanyang'anywa uraia, mabinti zangu wataathirika, mume wangu hataniruhusu, nitafungwa kwa kuapa uongo. Zilikuwa sababu nzuri na nilizirudia kila siku nikiwaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Lakini sikuwa nimemuuliza mume wangu. Wala sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kuhusu uraia. Ukweli ni kwamba sikutaka kuacha kuwa mama yake. Nilipendelea awe mwanangu ndani ya uzio kuliko awe mtoto wa yule jirani nje. Sikuwahi kujitamkia hivyo wakati ule, lakini ndivyo nilivyokuwa nikichagua, kila Jumamosi nilipokwenda kumtazama na kurudi.

Aprili mchumba wake alijifungua, mtoto wa kike. Mama wa msichana yuko Nakuru na alinyimwa viza ya kuja, basi mimi ndiye niliyeingia chumba cha kujifungulia. Mimi ndiye niliyempokea mtoto baada ya mkunga. Nilimkanda mzazi kwa maji ya moto, nikampikia uji, nikamwogesha mtoto kwa mikono yangu, yote niliyafanya kama inavyotakiwa. Mwanangu aliangalia kwa simu. Niliishika simu juu ya karai ili aone, na kila mara alisema sogeza kidogo, sioni uso, na mimi mkono ulikuwa umejaa sabuni.

Mama wa mtoto alirudi chuoni mapema, na zamu za mazoezi hospitalini hazina huruma, kwa hiyo mtoto akawa analala kwetu siku nyingi za juma. Nikapunguza saa zangu za kazi. Watu kanisani walinisifu sana. Nilikuwa nikimbeba mgongoni kwa kitenge katikati ya duka kubwa la Merrylands, na wanawake wa Kiafghani na wa Kilebanoni wananisimamisha kumchezea mashavu, nami nilifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimefurahi kwa miaka mingi. Nikikumbuka furaha ile naona haya.

Tulimpeleka kwa baba yake mara chache. Chumba cha kutembelea kina taa nyeupe na viti vya plastiki, na mtoto alikuwa akianza kulia akiona tu sare za walinzi. Mwanangu alimpakata dakika mbili, mtoto akapiga mayowe, akanirudishia. "It's okay," alisema. "She's tired. Wewe pia umechoka, Mum. Nimekuchosha." Yeye ndiye alikuwa akiniomba radhi mimi. Baada ya mara ya tatu akasema tusimlete tena mpaka atoke.

Rufaa ilicheleweshwa. Mara upande wa serikali uliomba muda, mara jaji alikuwa na kesi nyingine. Kila ilipoahirishwa nilisikitika mbele za watu, na ndani nilipata nafuu, kwa kuwa siku ya kusema ilisogezwa nayo.

Kisha mwanzoni mwa Desemba wakili alinipigia nikiwa kazini, nikimlisha mzee mmoja kastadi. Alisema ubalozi umekubali. Kwa kuegemea kiapo changu na jina la mume wangu, wataandika hati ya safari. Rufaa sasa haina pa kushika, na ikishindwa, mwanangu atapandishwa ndege kwenda Kinshasa. Mimi sijafika Kinshasa maisha yangu yote. Huko hana mtu, hajui Kilingala, na Kiswahili chake chenyewe ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Nilimwomba mwenzangu amalizie kumlisha mzee, nikaenda kukaa kwenye chumba cha mashuka.

Sitajisifu kwa nilichofanya baadaye. Sikusema kwa ajili yake. Nilisema kwa sababu kunyamaza nako sasa kungenipokonya mwanangu. Angekuwa mbali nami hata nikiendelea kuitwa mama.

Jioni mume wangu aliporudi kutoka ghala la Lidcombe nilimwambia avue viatu akae. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamweleza yote, swali la Februari, jibu langu, na hati ya safari. Akanisikiliza huku akikunja soksi zake.

"Na weye unataka kusema sasa?" akauliza.

"Nataka. Najua utakataa. Najua kuna mambo ya citizenship."

"Miye nikatae nini?" akasema. "Miye nilikuwa nakungoja weye useme. Toka siku ile ya court."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni weye ulimunyonyesha. Miye ningesema namna gani?" Akazitia soksi ndani ya viatu. "Lakini ile jina ni ya mutu. Nilimuchimbia kaburi na mikono yangu. Kila siku tunaita mwingine na jina yake, na yeye hakuna mutu anamukumbuka. Irudishe kwa mwenyewe, mama."

Alikwenda kuoga. Nilibaki nimekaa, nikijua kwamba sababu yangu kubwa ya kunyamaza nilikuwa nimemtwika mtu asiyehusika nayo. Na yule mdogo wetu wa kambini sikuwa nimemlilia tangu niliposhikishwa mtoto mwingine.

Wakili aliposikia hakunikemea. Aliuliza tarehe alizoweza kuandika, akaniuliza kama niko tayari kupimwa damu, akaniambia nitafute wakili wangu mwenyewe kwa sababu yeye hawezi kututetea wote wawili. Mwishoni tu akasema, akiangalia mezani, "I did ask you in February." Nikasema ndiyo, aliniuliza. Nikamwomba kitu kimoja, kwamba asimwambie mwanangu. Nitamwambia mimi.

Jumamosi ile nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno. Nilijua ataniuliza mama yake alikuwa nani, anafananaje, alizikwa wapi, na nilikuwa na machache ya kumpa: mwanamke mrefu, mwenye pengo mbele, aliyefuma vikapu vizuri kuliko sisi sote. Nilikuwa nimejiandaa pia kama angesema nimemuibia jina.

Akaja akakaa, akafungua paketi ya chipsi kutoka kwenye mashine, akaisukuma katikati yetu. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, moja kwa moja, kuanzia kaburi mpaka kifua changu mpaka kadi ya posho. Mara nyingi ananijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule, mimi nasema changu yeye anasema chake. Safari hii aliziacha zile chipsi. Alikuwa akiangalia mikono yake. Nikamwambia kwamba wakili aliniuliza juu ya kuzaliwa kwake, na kwamba anaona jambo hili litamtoa, maana hakuna nchi inayoweza kuthibitisha kwamba ni mtu wake.

Ndipo akainua macho. Aliniuliza kwa Kiswahili, kile cha nyumbani, cha baba yake, ambacho wakili huitwa avoka.

"Avoka alikuuliza lini hii maneno?"

Hakuuliza mama yake alikuwa nani. Ningeweza kumdanganya, na nakiri nililifikiria, pale pale, baada ya yote.

"Februari," nikasema.

"Hii Februari?"

"Hii iliyopita."

Nilimwona akihesabu. Hakuhitaji kwenda mbali. Februari mtoto wake alikuwa bado tumboni. Alifunga paketi ya chipsi, akaikunja juu mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayehifadhi kitu cha kesho. Kisha akanyoosha mkono kumwita mlinzi, akasema kwa Kiingereza kwamba amemaliza.

Majuma yaliyofuata hakupokea simu zangu. Alizungumza na baba yake, na mchumba wake, na wakili. Mimi nilikuwa nasikia sauti yake ikitoka kwenye simu ya baba yake, chumba kingine.

Rufaa ilisikilizwa baada ya mwaka mpya, majani ya miti ya barabarani yalipoanza kubadilika rangi. Wakili wa serikali alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu. Alisema mwanamke aliyeapa hivi jana na vile leo hawezi kuaminiwa siku yoyote kati ya hizo mbili. Sikuona kosa katika maneno yake. Lakini vipimo havikuwa na maneno ya jana na ya leo. Vilisema huyu si mama wa huyu, na yule si baba wa huyu. Ubalozi ukarudisha kalamu yake mfukoni. Wakili wetu akasimama akasema kwamba mwenye rufaa amezaliwa na mwanamke asiye na jina lililoandikwa mahali popote, ambaye nchi yake hakuna aliyeijua, na baba asiyejulikana kabisa. Aliyasema kwa sauti ya ushindi, maana ulikuwa ushindi. Mwanangu alikuwa kwenye skrini, akiyasikiliza.

Majaji wakairuhusu rufaa. Wakaamuru aachiliwe. Aliachiliwa na bangili ya mguuni ya kufuatilia alipo na masharti mengi, atoke saa gani, arudi saa gani, lakini aliachiliwa. Kuhusu mimi, barua imekuja kusema jambo langu linachunguzwa. Wakili wangu anasema nisubiri, na mimi nasubiri, sina la kulalamika.

Baba yake alikwenda kumchukua. Mimi nilibaki na mtoto, kwa sababu mchumba alikuwa zamu mpaka jioni. Nilipika sombe, kisamvu chetu, na samaki, nikapika na wali kwa kuwa anaupenda, nikamvalisha mtoto gauni la njano. Tayari alikuwa anatembea, ile ya kuyumba na kushika viti, na alikuwa na maneno manne matano.

Akaingia. Alikuwa amekonda, na suruali imeinuka kidogo kwenye ile bangili. Alinisalimia, "Shikamoo," kama anavyomsalimia mwanamke yeyote wa rika langu. Nikaitikia. Kisha akachuchumaa katikati ya sebule, akanyoosha mikono, akamwita mtoto kwa sauti ndogo, kwa jina alilomchagulia mwenyewe akiwa kule ndani.

Mtoto akamtazama. Mdomo ukaanza kupinda. Akageuka, akakimbia zile hatua zake za kuyumba mpaka kwangu, akanikumbatia mguu, akaficha uso kwenye kitenge changu. "Mama," akalia. "Mama, mama."

Ni neno alilolianza mwenyewe, miezi kadhaa nyuma. Mama yake alilisikia mara moja akacheka, akasema atazoea. Sikuwa nimemfundisha. Lakini sikuwa nimemsahihisha pia.

Mume wangu akasema mtoto ana usingizi tu, akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari. Mwanangu alikaa vilevile amechuchumaa, mikono bado iko mbele. Baadaye akaishusha, akasimama, akakung'uta magoti.

"Mwambie weye si mama yake," akasema. Hakupandisha sauti. "Mwambie sasa, angali mdogo."

Nikamnyanyua mtoto. Uso wake ulikuwa umelowa, na aliushika uso wangu kwa mikono miwili kama alivyozoea. Nikamwambia, "Mimi ni bibi yako. Yule pale ni baba. Mama yuko kazini."

Akaniangalia mdomoni nilipokuwa nikisema, akatabasamu, akaniita mama tena. Mwanangu alikuwa amesimama palepale, akingoja nirudie.